Sega la Mlembe

Dar es Salaam,
9 Februari 1975

Mpenzi wangu Pelagia,

Salamu jipimie mwenyewe zinazokutosha, maana nikianza kuwataja watu wa huko mmoja mmoja karatasi itaisha kabla sijasema jambo. Nimepata kazi! Ile ya kuandika vibao vya maduka nimeiacha. Sasa nachora picha zinazotembea.

Usicheke. Namchora msichana ameinua mguu. Halafu namchora tena, mguu umeshuka kidogo. Halafu tena. Nachora kutwa nzima mpaka shingo inakakamaa, na jioni nikiuliza tumefika wapi naambiwa msichana amepiga hatua mbili. Lakini zikishapigwa kwa kamera na kuzungushwa haraka haraka, anatembea kweli, Pelagia, anatembea kama mtoto aliyetumwa dukani! Siku ya kwanza nilipomwona nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Wenzangu wakasema, huyu wa bara kwelikweli.

Ni mfululizo wa sinema fupi za watoto, na gari la sinema litazipeleka mikoani mpaka huko kwetu. Msichana anaitwa Lusia. Rafiki yake ni mlembe, yule ndege wetu anayewaita watu na kuwaongoza kwenye asali. Mlembe nimemtoa mimi, hapa walikuwa hawamjui. Kila sinema kuna kitu kinapotea, na hao wawili wanamtafuta aliyekichukua. Bwana Apollinarie, mkubwa wetu, anataka visa ambavyo mtoto ataogopa na kucheka, na baba aliyemleta asisinzie. Sasa mimi visa nitavitoa wapi? Hapa vitu vinapotea kila siku na hakuna anayejisumbua kuvitafuta. Niandikie wewe. Wewe ndiye unayejua mambo ya watu.

Mwezi wa saba nakuja, tuje na baba mdogo kumaliza habari ya mahari. Jembe langu la uchumba bado liko kwenu? Lilinde. Juzi sokoni Ilala nilimwona dada mmoja amefunga kitambaa kama unavyofunga wewe. Nilimfuata mpaka kwenye nyanya ndipo nikaona si wewe. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndiyo nimekwisha andika.

Wako,
Ponsian


Kabungu,
2 Machi 1975

We Ponsian,

Kwa hiyo wamekuajiri uchore miguu. Haya, hongera. Barua nimemsomea baba, nikaruka pale kwenye nyanya. Kauliza, "Hatua mbili kwa siku? Huyo msichana atafika lini?" Nami nikajiuliza hivyohivyo, ila siyo juu ya msichana.

Kisa kipo, tena cha nyumbani. Unaukumbuka mzinga wa baba ule wa kwenye mninga, ng'ambo ya mto? Umeibiwa asali. Siyo wake tu, hata wenzake wa kambi ya kurina asali wameibiwa. Tulipofika kifuniko kimetupwa huko, magome yamepasuliwa, nyuki wanazagaa. Mimi nikaanza kulaani. Baba wala hakuutazama mzinga. Alipiga magoti akawa anapekua majani chini ya mti, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikamwuliza, baba unatafuta nini? Akasema, "Sega la mlembe."

Halikuwepo. Mwizi karina yote kaondoka, ndege hakumwachia hata kipande. Basi baba akanyanyuka, akapangusa magoti, akasema, "Huyu si mtu wa kambi yetu." Wenzake wote wakakubali, na mzee Kalisti, kiongozi wa kambi, akasema hata yeye alikuwa anataka kusema hivyo. Maana hata yule mlevi wetu hawezi kurina bila kumwekea mlembe haki yake juu ya jani. Ukimdhulumu, siku nyingine atakuita vizuri tu, utamfuata, na atakupeleka kwa chui. Wewe mwenyewe uliniambia ulipokuwa mdogo kambini na baba ulikuwa unamwachia ndege kipande kikubwa kuliko chako, kwa woga.

Hapo ndipo utamu wa kisa ulipo. Usije ukaupoteza.

Jioni nafundisha darasa la watu wazima. Baba ni mwanafunzi wangu na ndiye mkorofi kuliko wote. Herufi anazichonga kama anachonga alama kwenye mzinga, anakandamiza penseli mpaka inavunjika. Mimi nafuma kitambaa, sisemi cha nini. Mwezi wa saba siyo mbali. Njoo tu.

Pelagia


Dar es Salaam,
18 Mei 1975

Pelagia mpenzi,

Kisa chako kimekuwa sinema! Asali ya shule imeibiwa, watoto wanalia, Lusia na Mlembe wanafuata matone mpaka msituni. Nimechora msitu wa kwetu. Wenzangu wanauliza mbona miti yako imepinda hivi. Nikawaambia ndivyo inavyosimama huko.

Sasa sikiliza. Ndani ya sinema hiyo nimekufichia salamu. Sikuambii iko wapi. Hapa ofisini hakuna aliyeitambua, wanadhani ni pambo. Wewe utaijua hapohapo. Nilipokuwa naichora mkono ulikuwa mwepesi kama nakugusa wewe. Gari likija nenda ukakae mbele kabisa.

Kuna moja litakuudhi. Mwezi wa saba sitaweza. Wanataka sinema nyingine na nyingine, na wachoraji ni wachache. Desemba bila shaka. Usininunie, tafadhali. Gari litanitangulia, lipokee kama ungenipokea mimi.

Wako yuleyule,
Ponsian


Kabungu,
29 Juni 1975

Ponsian,

Gari lilikuja Jumatano. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, watoto wakapangwa mbele. Haikupita muda watu wazima wamewasukuma watoto wote nyuma. Mama Katarina, yule jirani yetu anayesema sinema ni uhuni, alikuwa anapiga kelele, "Lusia, nyuma yako! Nyuma yako, mwanangu!" Nilikaa mbele kama ulivyosema. Kila hatua ya yule msichana nilisema moyoni, hii ni shingo ya Ponsian. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Halafu msitu ukaja. Miti ni ya kwetu, kila mtu aliiona, watu wakapiga vigelegele. Lusia anafuata matone, anafika chini ya mti, na chungu cha asali ya shule hicho hapo kimefichwa. Anainua macho. Mzinga unakuja karibu, unakuja karibu, mpaka unajaa shuka lote. Mikato miwili na jicho juu yake. Alama ya baba. Sauti ikauliza, "Mwizi ni nani?" Taa zikawaka. Wakasema jibu litaletwa safari ijayo.

Kwanza mtu mmoja alitania, "Mzee Maximilian, kumbe hata Dar wanakujua!" Watu wakacheka, na baba akacheka. Kesho yake hakuna aliyecheka. Watu wameibiwa mwaka huu na mwizi hajapatikana, Ponsian. Sasa wanasema wewe ni mkwe wa nyumba hii, ulikuwa ukitembea na baba porini, uliona jambo ukashindwa kulisema kwa mdomo, ukalisema kwa picha.

Juzi kambi iliondoka kwenda kurina. Baba alifunga mzigo usiku, alfajiri akakaa mlangoni na vienge vyake vya kufukizia moshi kando yake, akiwasubiri wampitie. Walipita njia ya chini. Nilisikia sauti zao na yeye alizisikia. Alikaa pale mpaka jua likawa kali, ndipo akaingia ndani akafungua mzigo. Na mtu harini peke yake, unajua. Tangu ujana wake hajawahi kukosa kambi.

Kwetu alama ya mzinga ndiyo mtu mwenyewe. Hilo hukufundishwa Dar, ulifundishwa hapa, na baba huyuhuyu. Jembe lako amelirudisha Kasokola kwa baba mdogo wako. Amelibeba begani mwenyewe, kwa miguu, watu wakimtazama.

Ulichora kwa nini?

Pelagia


Dar es Salaam,
20 Julai 1975

Pelagia wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni. Naapa kwa Mungu, ile alama ndiyo ilikuwa salamu yako. Ndiyo hiyo! Ni alama niliyoizoea kuliko jina langu, iko kwenye mizinga, iko kwenye mpini wa shoka la baba yako, iko kwenye kile kibuyu ulichonipa maji siku ya kwanza. Nilitaka uione useme, ananikumbuka. Basi.

Mzinga ule ulikuwa wa kupita tu, Lusia akute chungu chini yake, aendelee mbele kumtafuta mwizi. Filamu ikawa ndefu. Bwana Apollinarie akasema tukate hapohapo, watoto wang'ate vidole mpaka safari ijayo. Nami nilikuwepo, Pelagia. Nilisimama karibu yake nikacheka, nikasema watoto watakoma. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna watu wanaoisoma alama ile. Nimekaa huku mno.

Lakini usihofu. Mwizi ni nyegere! Sehemu ya pili Lusia anaona nyayo zenye kucha ndefu, anamnasa nyegere usiku ndani ya pango, kinywa kimejaa asali. Naichora sasa hivi, silali. Mwezi wa kumi gari litaileta, watu wote wataona uwanjani palepale, na baba atakuwa safi. Mwambie avumilie. Nawe nivumilie.

Ponsian


Kabungu,
17 Agosti 1975

Kwa Ponsian,

Naandika kwa mkono wangu. Pelagia hajui. Ukiona makosa nyamaza.

Amenisomea maneno yako. Nyegere nimesikia. Mimi si mtoto, kwamba ile ni michoro naelewa. Na kwamba ulikuwa unamsalimia mwanangu naelewa, hata mimi nilikuwa kijana.

Lakini umenitia aibu mbele ya watu, halafu unataka gari lije liniombee radhi. Gari haliombi radhi. Lina dereva na shuka. Uje wewe, kwa miguu yako, usimame pale ghalani mbele ya watu walewale, useme kwa mdomo wako. Jembe liko Kasokola. Likirudi lirudi na mwenyewe.

Mimi niko nyumbani. Siendi popote.

Maximilian


Dar es Salaam,
5 Oktoba 1975

Pelagia,

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri niwe na neno zuri. Sina.

Sehemu ya pili nimeimaliza kuichora, michoro yote iko hapa kwenye sanduku, lakini filamu ya kupigia picha imekwisha. Inatoka nje na haijulikani itafika lini. Pengine mwakani. Bwana Apollinarie anasema watoto wa bara hawatakufa kwa kusubiri.

Na kuna jingine, nimelificha tangu Julai. Nimechaguliwa kwenda Ulaya kusomea kazi hii, miaka mitatu. Ndege ni tarehe sita Desemba. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupata nafasi hii, na nikiikataa hawatanipa nyingine. Likizo yangu ni Desemba, na nikija huko naikosa, maana treni peke yake unaijua. Baba yako ameniandikia. Ana haki, kila neno. Kila siku asubuhi naamka nimeamua kuja, na jioni nimeamua kwenda.

Je, ungeweza kunisubiri miaka mitatu? Nauliza tu. Hata kuuliza naona vibaya. Usiku nikifumba macho nasikia unavyosema "we Ponsian", basi nawasha taa.

Ponsian


Kabungu,
9 Novemba 1975

We Ponsian,

Kaa chini nikusimulie, halafu nitakujibu.

Watoto wamechoka kusubiri gari lenu. Wametengeneza sehemu ya pili wenyewe. Wanatundika khanga ya mtu, wanakata watu wa makaratasi ya maboksi, wanaweka koroboi nyuma, na Lusia anatembea. Anachechemea, lakini anatembea. Kila jioni mwizi ni mwingine. Jumatatu alikuwa fisi, Jumanne alikuwa mwalimu wao. Watu wazima wakaanza kusogea tena kidogokidogo, wanajifanya wanapita njia. Mama Katarina anakuja na kigoda chake.

Jioni moja kitoto fulani kikasema, leo mwizi ni Babu Maximilian. Baba alikuwepo, amesimama nyuma kabisa. Nilitaka ardhi inimeze. Basi Candide, mtoto wa dada yangu, wa darasa la kwanza, akainuka mbele ya khanga akashika kiuno. "Siyo Babu! Kwenye ile sinema chini ya mzinga hapakuwa na sega. Majani tu. Babu angemwachia mlembe!"

Mzee Kalisti akamwuliza, una hakika? Candide akasema, waulize hawa. Akawauliza watoto mmoja mmoja. Wote walisema hivyo, hapakuwa na sega, majani matupu. Walikuwa wameliona jambo hilo tangu Juni! Sisi wakubwa tulikuwa tumekodolea alama tu. Hakuna aliyetazama chini, na wale wa kambi ndio waliokuwa na baba siku ile alipopekua majani kwa magoti yake. Ungewaona wanavyotazamana. Mzee Kalisti akaenda mpaka kwa baba, hakusema radhi wala nini. Alisema, "Jumatatu alfajiri tunakupitia." Wakampitia, wakamwita jina lake kwa sauti pale mlangoni, nchi nzima isikie. Jana amerudi. Asali imejaa, na yeye amekuwa kijana, anaimba akinawa miguu.

Basi baba amepona, tena bila nyegere wako na bila wewe. Sasa nakujibu.

Watu wote hapa wanasema Ponsian ana akili, aliacha kuchora sega makusudi ili atuachie alama ya kumwokoa mzee. Nimewaacha waseme. Lakini mimi nimezisoma barua zako zote upya. Umeniandikia habari za nyayo, kucha, pango. Sega hukulitaja hata mara moja. Nilikuandikia Machi, nikakuambia utamu wa kisa uko hapo. Hukuacha makusudi. Ulisahau.

Mtu aliyekuwa anamwachia ndege kipande kikubwa kuliko chake! Hilo ndilo linaloniuma kuliko jembe, kuliko Ulaya. Mimi ndiye niliyekuita, Ponsian. Nilikuita kutoka huku mpaka ukaipata asali yako, na ukaila, na watu wakakusifu, nami nimekaa juu ya mti natazama chini kama kuna kitu kimebaki kwenye jani.

Unauliza kama nitakusubiri. Nimekwisha kusubiri, wala hukuniona nikisubiri. Kitambaa nimekimaliza mwezi wa nane, nikakifumua, nikakifuma tena. Nakutamani mpaka najichukia. Treni ikilia Mpanda, watu wanasema huku haisikiki. Mimi naisikia.

Nenda Ulaya kama moyo umeamua. Sitakulaani. Ila usiniandikie tena kuniuliza maswali ambayo jibu lake ni miguu yako.

Pelagia


Stesheni ya Tabora,
6 Desemba 1975

Pelagia,

Umesema nisiulize, siulizi.

Nilisahau. Hakuna maneno mengine. Nimekaa hapa kwenye benchi nikijaribu kukumbuka ni lini hasa niliacha kutazama chini ya mti, sikumbuki.

Ndege ya Ulaya inaondoka leo alasiri. Nafasi wamempa kijana wa meza ya pili, mchoraji mzuri, ananizidi kwa maji na mawingu. Bwana Apollinarie kaniita mpumbavu mbele ya watu, halafu jioni akanisaidia kufunga sanduku. Michoro yote ya sehemu ya pili ninayo. Filamu sina, gari sina, nitaionyesha kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, palepale ghalani. Candide na wenzake watanifundisha habari ya koroboi. Nyegere nimemwondoa. Tangu Dodoma nimekuwa nachora juu ya magoti, behewa linatikisika, mistari imepinda yote. Nimechora jani, na juu ya jani sega, kubwa kuliko kichwa cha Lusia. Kwanza nitasimama mbele ya baba na mbele ya watu niseme nilichotakiwa kusema. Na wakinisifu kwa akili nitawaambia ukweli, sikuacha makusudi. Ndipo nitakwenda Kasokola kuangalia jembe.

Treni ya Mpanda wanasema itaondoka jioni, ukijua jioni yao. Barua hii naitia posta hapa stesheni, na itapanda treni hiyohiyo ninayopanda mimi. Ila pale Mpanda itakaa kwenye mfuko wa posta siku kadhaa, kama kawaida yao, na mimi nitateremka nianze kutembea. Kwa hiyo siku utakayoifungua nitakuwa nimekwisha kufika mlangoni kwenu, na wewe utakuwa umekwisha kunijibu.

Ponsian